Mme Mathabang Phakisi na Maua ya Chemchemi ya Ha Mokhafi, 1951–2024

Ndugu, majirani wa Ha Mokhafi, na ninyi mlioanza kupanda mlima kabla jua halijatoka ili mfike kumsindikiza: familia ya Phakisi inawashukuru. Kabla udongo haujarudishwa mahali pake, mtasomewa maisha ya mama yetu, Mme Moliehi Mathabang Phakisi, kama alivyoagiza mwenyewe. Marehemu alikuwa na tabia, akikaa msibani, ya kusikiliza wasifu wa wengine kisha kumnong'oneza jirani yake: "Huyu malaika anayesomwa ni nani? Mimi nilikuja kumzika yule mgomvi wa ng'ambo ya mto." Wa kwake alisema usitiwe sukari. Haukutiwa.

Alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Aprili 1951, katika kijiji cha Ha Lepekola, wilaya ya Mokhotlong, akiwa mtoto wa tatu wa Ntate Mohlouoa Lebakeng na mkewe Mampho. Alichelewa kuzaliwa wiki tatu nzima, mkunga akaenda kwake na kurudi mara mbili, ndipo akaitwa Moliehi, yaani mchelewaji. Jina hilo alilibeba kwa uaminifu. Hakuna ibada ambayo aliwahi kusikia mwanzo wake.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1959 akaishia darasa la tano, mwaka 1964, mama yake alipougua. Hakusoma zaidi, lakini alichosoma alikitumia mpaka kikaisha. Wake wa wachimba dhahabu walimjia awaandikie barua za kwenda migodini kwa waume zao, naye kila barua aliiongezea sentensi yake mwenyewe pale chini: "Tuma sabuni. Na usilewe." Wanaume wengi wa kijiji hiki walitumia nusu ya ujana wao wakijibu barua kwamba hawajalewa, bila kujua nani aliyewatuhumu. Leo mmejua.

Tarehe 12 Desemba 1970 aliolewa na Ntate Sebolai Phakisi. Wakwe walimpokea kwa kondoo na blanketi jipya, wakampa jina la Mathabang, mama wa Thabang, wakati Thabang mwenyewe hajatungwa hata mimba. Thabang alipofika mwaka 1972 alikuwa msichana, naye akalichukua jina lililokuwa likimsubiri. Tumisang alifuata mwaka 1975. Ntate Sebolai alikuwa mchimba dhahabu kule Welkom, nyumbani akionekana Pasaka na Krismasi, kwa hiyo bibi harusi aliishi zaidi na baba mkwe wake, Ntate Lebamang, mfuga nyuki, na wifi yake Keneuoe, aliyekuwa na nyumba yake hatua ishirini tu kutoka hapa tulipo. Mawifi hao wawili waligombana kwa miaka hamsini na tatu. Hakuna aliyewahi kumwona mmoja akila kabla hajampelekea mwenzake.

Kazi iliyompa marehemu jina ndiyo iliyompa na doa, nasi tumeagizwa tuisome yote.

Nyote mnaijua leloele, lile ua la kinamasi. Kisiki chake hakifi. Baridi inaua majani, mwaka unaofuata kinatoa mengine, na ikifika Februari kinasimamisha mikuki yake ya maua, myekundu juu na ya njano chini, nyuki wakaingia na ndege chozi wakaja kunyonya. Na desturi yetu mnaijua: nyumba mpya haihamiwi mpaka kisiki cha leloele kitolewe mlimani na kupandwa kando ya mlango, ili radi ipite mbali. Mathabang alipoolewa, kinamasi cha chemchemi yetu kilikuwa kimejaa leloele kiasi kwamba ng'ombe akiingia unaona pembe tu.

Ndipo mishahara ya migodini ikaleta mabati. Mtu aliyelala chini ya nyasi miaka yote, siku akilala chini ya bati anaanza kuogopa mbingu. Kila nyumba ikataka kisiki chake, wengine wakataka viwili, na mwanamke mwenye mgongo wa kuvichimba alikuwa mmoja. Alimchimbia kila aliyemwomba. Watu walitoka vijiji vya ng'ambo na punda, wakampa sukari na mafuta ya taa, wakaondoka na leloele. Hakuna aliyemwambia acha, maana kila mwenye mdomo wa kusema alikuwa na kisiki chake mlangoni.

Mwaka 1983 kinamasi kilikuwa mashimo matupu. Ng'ombe wakaingia humo kukanyaga, maji yakaanza kuja na tope. Februari 1984 ndege chozi hawakuja. Majira ya baridi ya mwaka huo nyuki wa Ntate Lebamang walikufa kwenye mizinga yote miwili, kwa kuwa hawakupata cha kuweka akiba. Mzee aliufungua mzinga, akachota nyuki waliokufa, akawamwaga kwenye kiganja cha mkwe wake.

"Mathabang," alisema, "hawa walikuwa wanakula kwako."

Hakufoka. Marehemu alikuwa akisema kwamba angefoka ingekuwa nafuu.

"Baba, nitayarudisha."

"Utarudisha nini? Uliyoyachimba yako milangoni mwa watu."

"Basi nitazalisha mengine."

"Harakisha, mwanangu. Mimi nimeshazeeka."

Kuanzia siku hiyo mpaka wiki yake ya mwisho, marehemu alitaka jambo moja tu katika dunia hii: kinamasi cha chemchemi kijae tena kama alivyokikuta, na akione kwa macho yake kabla hajalazwa chini.

Alianza na mbegu. Aliziokota kwenye visiki vya milangoni, akazifanyia kile kinachofanyiwa kila mbegu katika nyumba zetu: akazifunga kwenye kitambaa, akazitundika juu ya moto wa jikoni zikae kwenye moshi, zisiguswe na wadudu wala barafu. Septemba akazipanda kwenye makopo. Haikuota hata moja. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Alibadilisha udongo, akabadilisha samadi, akaombea, akalaani. Miaka minane. Mahindi yake yaliota, maboga yake yaliota, hata kokwa la pichi alilolitema Keneuoe dirishani liliota.

Makopo yalipopungua, mengine yaliletwa na Ntate Sebolai. Krismasi ya mwaka 1986 wenzake waliteremka kutoka Welkom na redio na viatu vipya. Yeye aliteremka na gunia lililokuwa likigonga kengele kama kundi la mbuzi. Ndani yalikuwa makopo matupu ya samaki na ya jamu, aliyoyaokota na kuyaosha mwaka mzima kwenye bweni la wanaume. Wenzake walimcheka kutoka barabarani mpaka hapa. Mkewe alipolifungua gunia hakucheka. Alimtazama, akasema, "Umesahau kuyatoboa," na wote waliomfahamu walielewa kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kutoa shukrani kubwa kuliko hiyo.

Ntate Lebamang alifariki mwaka 1990, mizinga yake ikiwa mitupu.

Mei 1993, Keneuoe akipika jikoni kwa wifi yake, kifurushi cha mbegu kilikatika kutoka darini kikatumbukia kwenye sufuria yake.

"Wifi! Takataka zako zimeingia kwenye moroho wangu!"

"Zitoe."

"Nimeshazitoa. Nimezitupa nje ya ukuta, na wewe ukitaka mboga kaile huko huko!"

Juni theluji ilianguka, ikalala nje ya ukuta ule wiki nyingi. Oktoba, Keneuoe alipokwenda kumwaga maji ya vyombo, aliona vijani vyembamba kama nyuzi vimechomoza kwenye mawe.

"Mathabang, njoo uone vitunguu vyako vya wazimu."

Marehemu alipiga magoti pale, akakaa muda mrefu hata wifi yake akadhani ameugua.

"Tulikuwa tunazipika," alisema mwishowe. "Miaka minane, wifi, nazilea kama mahindi, na zenyewe zinataka baridi. Zinataka zilale kwenye theluji kwanza ndipo ziamke."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyegundua."

"Wewe ulitupa."

"Nilitupa kwa akili."

Shangazi Keneuoe ameshikilia dai hilo kwa miaka thelathini, na marehemu alituagiza tulikanushe mbele ya watu. Tumelikanusha. Shangazi, tutaonana baadaye.

Mwaka 1994 Ntate Sebolai alirudi kutoka mgodini, akarudi kabisa, na kifua kilichojaa vumbi. Ndiye aliyejenga ukuta wa mawe kuzunguka kinamasi ili ng'ombe wasiingie. Alikuwa akiweka mawe matatu, anakaa, anakohoa, anaweka mengine matatu. Ulimchukua mwaka mzima. Desemba hiyo hiyo ya 1994 mkewe alianza kupandisha miche ya kwanza, amefunga makopo mgongoni kwa blanketi kama mtoto, na Februari 1997 mikuki saba ilichanua kando ya maji. Ndege chozi alikuja mmoja. Mume na mke walikaa juu ya ukuta wakamtazama mpaka akashiba. Ntate Sebolai alifariki tarehe 21 Mei 1999.

Jambo ambalo hatupendi kulisoma ni kwamba tulimwibia. Sisi, wana wa Ha Mokhafi. Kila alipopanda, mtu mwenye nyumba mpya aliruka ukuta na jembe. Marehemu akahamia kule juu na fimbo yake, akakesha mchana, kama alivyosema mwenyewe. Siku moja alimkuta kijana wa watu amepiga magoti anachimba.

"Mme Mathabang, usinipigie kelele. Wewe mwenyewe ulimchimbia baba yangu."

"Ndiyo maana nakujua mwizi nikikuona. Baba yako nilimfundisha mimi. Acha hicho, nitakupa mche wa kopo, bure."

"Wa kopo?" Kijana alicheka. "Umelelewa kwenye kopo la samaki, radi utaijulia wapi?"

Na hilo ndilo lililokuwa neno la kijiji kizima. Leloele ya mlimani imepigwa na ngurumo tangu utoto, imezizoea. Ya kopo ni ya nyumbani, haina nguvu. Marehemu alikwenda kwa chifu kuomba kinamasi kifungwe kama malisho yanavyofungwa. Chifu alikifunga, lakini alimwambia ukweli: "Mathabang, ng'ombe naweza kuwazuia. Hofu siwezi."

Mwaka 2003 mwanawe Tumisang alimaliza kujenga nyumba yake ya bati, ile pale. Mama akapanda mche wa kopo kando ya mlango. Mkwe wake, Malineo, akakataa kuhamia.

"Mama, nakuheshimu. Lakini silazi mtoto wangu chini ya bati na ua la kopo."

"Na mimi nikilala?"

"Wewe, Mama, hata radi inakuogopa."

Basi akahamia yeye. Alibeba blanketi na birika, akakaa peke yake kwenye nyumba ile kuanzia Novemba, msimu wote wa ngurumo, ili watu waone. Kila mbingu zilipotulia sauti ya Keneuoe ilisikika kutoka nyumbani kwake kule juu.

"Wifi! Bado uko hai?"

"Bado! Unataka kurithi blanketi?"

"Lile? Mbwa wangu hawezi kulilalia!"

Tarehe 14 Januari 2004, alasiri, radi ilipiga nyumba ya Keneuoe. Mlangoni pake palikuwa na kisiki kikubwa cha mlimani, alichokipanda Mathabang mwenyewe mwaka 1976. Paa lilifunuka, vyombo vikayeyuka, ukuta mmoja ukapasuka toka juu mpaka chini. Keneuoe alikuwa zizini akiwafungia ndama, ndiyo maana yuko hapa leo. Nyumba ya mche wa kopo haikuguswa.

Jumapili iliyofuata Keneuoe alikuwa ameshalihubiria kanisa zima: leloele ya kopo ina nguvu kuliko ya mlimani, na shahidi ni paa lake. Mpaka Pasaka watu walikuwa wamepanga foleni kwenye ukuta wetu. Makopo yakaisha. Malineo akahamia. Na tangu mwaka huo hakuna jembe lililoruka ukuta wa chemchemi. Marehemu hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alizidi kupanda tu: kila majira ya baridi mbegu zake zililala nje kwenye theluji, kila Desemba alipanda mlima na makopo mgongoni. Mwaka 2009 kundi la nyuki liliingia lenyewe kwenye mzinga wa zamani wa Ntate Lebamang, bila kuitwa. Siku hiyo alimkataza kila mtu kupita upande ule, akakaa kwa mbali na mikono mapajani, kama mtu aliyepata wageni wakubwa na hana cha kuwapikia.

Sehemu ya juu ya kinamasi, ile iliyokuwa imeharibika kuliko zote, aliipanda mwisho, Desemba 2020. Machi iliyofuata moyo wake ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na chemchemi, ambayo kwa mtu mzima ni mwendo wa saa moja, ikawa mbali kuliko Maseru. Hakupanda tena. Kila Februari aliuliza kama pale juu pamechanua, na kila Februari jibu lilikuwa majani tu. Januari mwaka huu alilazwa hospitali ya wilaya siku kumi na mbili. Madaktari walifanya yote waliyoweza, kisha akaomba kurudi nyumbani.

Alipokuwa kitandani alimwita Keneuoe na wajukuu, akasema neno ambalo alitaka lisomwe leo, kwa kuwa leo nyote mko hapa na hakuna anayeweza kubishana naye.

"Radi haikuchagua," alisema. "Nyumba ya Keneuoe iko juu, ya Tumisang iko bondeni. Ua halina habari na radi, la kopo wala la mlimani. Nililijua hilo siku ile ile, nikanyamaza kwa sababu kimya kilinifaa. Miaka ishirini nimewadanganya watu bila kufungua mdomo."

"Wifi, usiwaambie," Keneuoe alisema. "Wakijua watarudi na majembe."

"Aliyekuja na jembe alikuwa anaogopa. Waambie ngurumo zikija washuke kilimani, waache miti na nyaya, wakae chini. Leloele wapande kwa ajili ya nyuki. Na kwa ajili ya kutazama. Hiyo haitoshi?"

 Kesho yake, Jumatano ya tarehe 28 Februari, Keneuoe, akiwa na miaka sabini na sita na goti moja tu linalomtii, alichukua fimbo akapanda mlima peke yake bila kumuaga mtu. Alirudi jua likiwa limeinama. Akaingia, akasimama miguuni pa kitanda, akihema.

"Nimetoka chemchemi," alisema.

"Na pale juu?"

"Pale juu? Hakuna kitu. Tope. Ng'ombe wamekula yote, na kilichobaki amekilalia mbuzi."

Marehemu alimtazama wifi yake toka chini mpaka juu. Blanketi la Keneuoe lilikuwa limepakaa unga wa njano wa maua, kuanzia magotini mpaka kifuani, mbele na ubavuni na kwenye mikono yote miwili, kama mtu aliyelazimika kupita katikati kwa kusukuma. Nyuki mmoja aliyechoka alikuwa bado ameng'ang'ania pindo.

"Yamefika kifuani?" aliuliza.

"Nimekwambia hakuna kitu."

"Sogea."

Keneuoe alikaa kitandani. Marehemu aliufuta unga ule kwa kiganja, taratibu, akautazama, akaufunga mkono wake. Alicheka mpaka pumzi ikamkatika, na Keneuoe akalia mpaka ya kwake ikakatika, na mtu aliyekuwa mlangoni asingeweza kusema nani anafanya nini.

Mme Moliehi Mathabang Phakisi aliaga dunia Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Ha Mokhafi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Hakuchelewa.

Ameacha binti yake Thabang wa Maseru, mwanawe Tumisang na mkewe Malineo, wajukuu sita, kitukuu mmoja, kaka yake Ntate Thuso Lebakeng, na wifi yake Keneuoe Phakisi, ambaye tunaomba msimwache akae peke yake jioni ya leo hata akiwafukuza. Ametanguliwa na mumewe Sebolai na baba mkwe wake Lebamang, ambaye tunaamini ameshapata habari.

Kwenye ukuta wa zizi kuna makopo sitini na moja yenye miche. Mmesikia alichosema kuhusu radi, na kila mtu atafanya anavyoona. Atakayetaka mche achukue, awe anajenga au hajengi. Chemchemi itabaki wazi kwa maji, na jembe libaki nyumbani.

Apumzike kwa amani mama yetu. Alichukua, akakiri, akarudisha, akaona.